Kundi la Twiga Linaitwaje?

Kuna Kiingereza ambacho Mkenya anakijua na Mwingereza hakijui. Si utani. Simamisha mtoto yeyote wa shule ya msingi hapa Bula Pesa, hata yule anayekimbia dukani kununua mafuta ya kupima, muulize kundi la simba huitwaje kwa Kiingereza. Atakujibu "a pride of lions" bila kupumua. Nyuki? "A swarm." Samaki? "A school." Bundi? "A parliament." Ukifika kwa kunguru atatabasamu kwanza, kwa sababu kila darasa lilipenda ile ya kunguru: "a murder of crows." Mauaji ya kunguru, jameni. Nani alikaa chini akaamua hivyo, na kunguru walikuwa wamemkosea nini?

Sisi tuliopitia 8-4-4 tuliimba haya mambo. Orodha ilikuwa kurasa za mwisho za kitabu cha marudio, safu mbili, mnyama kushoto, jina la kundi kulia, na uliikariri vile unakariri dua ya safari. Kwenye mtihani ulipewa A hadi D, na "group" haikuwa mojawapo. Mwalimu wa Kiswahili naye hakutaka kuachwa nyuma. Alikuja na nomino zake za makundi: bumba la nyuki, wingu la nzige, thurea ya nyota, numbi ya samaki. Numbi! Katika Isiolo hii, ambako bahari tunaiona kwenye kalenda za ukutani. Lakini nakubali, hiyo ya nzige ilituingia vizuri. Nzige walipovuka mpaka mwisho wa mwaka 2019 na kufika huku Isiolo, hakuna mtu aliyehitaji kufunguliwa kamusi. Kilomita moja ya mraba ya nzige inaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80. Ulikuwa unaangalia juu na unaona wingu, basi.

Naandika haya kwa sababu ya binamu yangu. Ni mtoto wa abuya, kaka ya mama yangu, na amekulia upande wa Merti na mifugo. Si kulia mjini halafu likizo unaenda kuchunga wiki mbili upige picha. Namaanisha alichunga mpaka akaingia sekondari akiwa na ndevu. Halafu ukaja ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikipita bila mvua ya maana. Kenya nzima ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Abuya alikuwa na ng'ombe wa kutosha kuoza mtoto na bado wakabaki wa kujivunia. Leo ana mbuzi kidogo na ngamia wanne. Kwa hivyo binamu akashuka mjini, akalala kwetu, akaanza kutafuta kazi ya kuongoza watalii. Ukiangalia ni kazi inayomfaa kabisa. Buffalo Springs na Shaba ziko katika kaunti hii hii yetu, na yeye anasoma nyayo vile mimi nasoma meseji.

Akaitwa usaili kwenye kambi moja ya watalii. Sitaitaja. Akaulizwa maswali mengi ya maana na akayajibu. Kisha wakamuonyesha picha ya twiga saba wamesimama pamoja wakamuuliza: kundi la twiga linaitwaje?

Akasema "a group."

Aliyekuwa anamhoji akacheka kidogo, akamwambia ni "a tower." Kazi alipewa mwingine. Sijui kama ni twiga waliomnyima kazi, na yeye pia hajui. Lakini alirudi nyumbani na hilo neno limemkwama kooni. "Tower," aliniambia, "kama ile ya Safaricom?"

Sasa, mimi nina maoni mawili kuhusu hilo swali, na hayapatani sana. La kwanza, ni swali la kipuuzi la kumpimia mtu anayejua porini. La pili, si la bure kabisa. Kazi ya utalii nusu yake ni mazungumzo. Mtu ametoka mbali, amekaa garini saa tatu anasubiri chui ambaye hana mpango wa kutokea, unafikiri utamlisha nini kwa muda huo? Maneno. Mgeni anataka kitu cha kubeba aende akawaambie wenzake. "Tower of giraffes" inabebeka. Kwa hivyo nikamwambia binamu, wacha kununa, tukariri.

Tukaanza jioni, kibarazani, mimi nasoma kwenye simu yeye anajibu. Tatizo likawa moja: huyu mtu hakubali kukariri kitu bila kukihoji.

Nikamwambia punda milia ni "a dazzle." Akauliza, punda milia gani? Nikasema punda milia tu, wale wa mistari. Akanitazama vile unamtazama mtu aliyekuambia gari ni gari tu. Kwetu huku kuna aina mbili. Kuna wale wa kawaida wa mistari minene, na kuna wa Grevy, wenye mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio ya duara makubwa. Wa Grevy wamebaki kama 3,000 hivi duniani, na wengi wako hapa kaskazini mwa Kenya. Wamepewa jina la rais wa Ufaransa, Jules Grévy, aliyeletewa mmoja kama zawadi kutoka Abisinia miaka ya 1880. Eti zawadi moja tu na mnyama akabadilishwa jina milele.

Hoja ya binamu haikuwa jina, ilikuwa tabia. Punda milia wa kawaida wanaishi kifamilia: dume mmoja, majike wake, watoto wao, na wanakaa pamoja miaka. Wa Grevy hawako hivyo. Dume anashika eneo lake na kulilinda, majike wanapita tu wakitafuta majani na maji, wenye watoto wachanga wakikaa karibu na maji, na kundi uliloliona asubuhi jioni limeshatawanyika. "Hao wa kwanza ni boma," akasema. "Hawa wengine ni watu wamepatana kwa stendi wakisubiri gari." Na Kiingereza kimewafunga wote kwa "dazzle" moja. Wataalamu wa wanyama wameandika maelezo hayo hayo kwa vitabu vizito. Yeye aliyapata kwa kuketi chini ya mgunga akingoja ng'ombe wanywe maji.

Twiga nao ni hivyo. Wanakutana, wanaachana, kesho wanakutana na wengine. Ule mnara kwenye picha ya usaili pengine ulibomoka dakika kumi baada ya picha kupigwa.

Ikabidi nitafute haya majina yalitoka wapi, maana binamu alikuwa ananiuliza kama mimi ndiye niliyeyatunga. Na hapa ndipo nilicheka mpaka mama akauliza kama niko sawa. Mengi ya zamani yanatoka kwenye kitabu kimoja cha Uingereza kilichochapwa mwaka 1486, kinaitwa Book of Saint Albans. Ni kitabu cha watu wenye pesa zao: kuwinda, kufuga mwewe wa kuwindia, na alama za ukoo. Ndani yake kuna orodha ya makundi, na mtu wa daraja la juu alitarajiwa kuijua ili asionekane mshamba mbele ya wenzake. "Pride" ya simba imo humo. "Murder" ya kunguru imo. Nyani nao wameitwa "shrewdness", yaani ujanja, na hapo sina pingamizi, mtu yeyote aliyeibiwa ndizi na nyani atasaini.

Lakini orodha hiyo haikuwa ya wanyama peke yao. Ilikuwa na watu pia. Kundi la watawa wa kike liliitwa "superfluity", yaani wamezidi. Kundi la wasomi liliitwa "doctrine". Unaelewa sasa? Ilikuwa mizaha. Watu walikuwa wanachekana. Zaidi ya miaka 500 baadaye mzaha wa mabwana wa Uingereza umefika darasa la sita Isiolo ukiwa umevaa suti, unaitwa sarufi, na ukiukosa unachapwa.

Twiga na punda milia hata hawamo kwenye orodha ile. "Tower" na "dazzle" zilikuja kuongezwa baadaye na watu waliopenda mchezo. "Parliament" ya bundi pia ni ya juzi juzi, karne ya 20. Na "school" ya samaki haihusiani kabisa na shule, ni neno la Kidachi la kale lenye maana ya kundi. Kwa hivyo kwa samaki, jibu sahihi kabisa lilikuwa "kundi" tangu mwanzo. Mwalimu wangu angenipa nusu maksi.

Nilipomwambia binamu ni mchezo, akabadilika. Kumbe alichokuwa anakataa ni kuambiwa ni ukweli. Mchezo anaupenda. Akaanza kuyashikilia maneno kwa njia yake. "Parliament" akawapa wale wazee wa soko la mifugo wanaokaa kivulini wakikata kesi ya mbuzi mmoja kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. "Crash", ambayo ni ya vifaru, akawapa bodaboda. "Dazzle" ni wasichana wa harusi. "Tower" akaiacha kwa Safaricom. Alimaliza maneno 40 kwa siku nne, na mimi shuleni nilichukua muhula mzima. Ya mwisho akaongeza yake: "mbogi ya simba." Nikamwambia hiyo ni Sheng. Akaniuliza ina tofauti gani na "pride". Nikakosa jibu, na bado sina.

Simba wenyewe hawafuati orodha kila wakati. Yule simba maarufu duniani, Elsa, alilelewa hapa hapa Isiolo na akina Adamson mwaka 1956, dada zake wawili wakapelekwa Uholanzi, akabaki anafuata Landrover. Mwaka 2002, ng'ambo ya mto kule Samburu, simba jike aliyeitwa Kamunyak alimchukua ndama wa choroa akawa anamlinda kama mwanawe. Simba mmoja na choroa mmoja, hilo kundi ni D, hakuna jibu kati ya hayo.

Siku moja Akko alikuwa amekaa kando akitusikiliza. Akko ni bibi yangu, hajui Kiingereza zaidi ya "stop" na "network". Akauliza, nyinyi mnahesabu mifugo ya nani usiku? Hapendi mifugo ihesabiwe kwa sauti, anasema ni kuiitia balaa. Tukamwambia hatuhesabu, tunajifunza majina ya makundi kwa Kiingereza. Akataka kujua ng'ombe wanaitwaje. Tukasema "herd."

"Herd ya warra au herd ya fora?"

Tukaangaliana. Kwa msiomjua Mborana: warra ni nyumbani, ni familia. Ng'ombe wa warra ni wale wanaokaa karibu na boma, wenye maziwa, wenye ndama, wa kulisha watoto na wazee. Fora ni wale wakavu na wenye nguvu, wanaopelekwa mbali na vijana, siku nyingi, kufuata majani na maji. Ni ng'ombe wa mtu mmoja, lakini hilo si kundi moja. Linakula tofauti, linachungwa na watu tofauti, na likipotea machozi yake ni tofauti. Tukamwambia Akko kwa Kiingereza chetu cha shule yote ni "herd" tu.

Akafikiria. Kisha akasema, basi ukimtuma mtoto wa Kiingereza alete maziwa, anaweza kutembea siku tatu.

Ngamia pia. Orodha inasema "a caravan of camels". Caravan ni msafara. Ngamia wa abuya hawako msafarani, wamesimama wanakula mti, hawana haraka na mtu. Na majirani zetu Wasomali wana neno irmaan, ngamia aliye na maziwa, na neno hilo si la mapambo. Mama wanaokusanya maziwa ya ngamia hapa Isiolo na kuyapakia kwenye basi kwenda Eastleigh wanahitaji kujua leo wangapi ni irmaan, si kujua wangependeza wakiitwa nini. Kila neno katika hayo limekatwa na kazi fulani. Nani anakamuliwa. Nani anakwenda mbali. Nani anafungiwa. Ya Kiingereza yale ya 1486 yalikatwa na mtu aliyetaka kuchekesha wenzake mezani.

Msinielewe vibaya, sisemi tuchome orodha. Kuna wasee watasoma hapa na kuanza kupiga kelele za ukoloni. Mimi nazipenda. "Dazzle" ni neno tamu, na ukiwaona wa Grevy wakikimbia saa sita mchana huku joto linatetemesha ardhi, utakubali kuwa aliyelitunga alikuwa na macho. Pia sitaki zile hotuba za siku ya utamaduni, watu wanavaa shanga, wanacheza, mheshimiwa anasema tuhifadhi mila, kisha kila mtu anapanda Probox kurudi nyumbani.

Kinachoniuma ni kidogo zaidi ya hapo, na ndicho binamu alisema usiku ule baada ya Akko kuingia kulala. Alisema yeye bado ana neno fora, lakini hana fora. Ng'ombe wa kupeleka mbali hawapo tena. Watoto wa dada yake wako mjini sasa, wanasoma vizuri, yule mdogo ana miaka tisa. Tukamwita asubuhi tukamuuliza, kwa mzaha tu. Kundi la twiga? "Tower of giraffes." Kundi la ng'ombe? "Herd of cattle." Fora ni nini?

Akasema ni ile unapata ukimaliza form four, ukienda namba moja. Alikuwa anafikiria kutia fora. Kiswahili safi kabisa, mwalimu wake angempa tuzo. Binamu alicheka, akampa shilingi ishirini, kisha akatoka nje akakaa huko muda.

Huyo mtoto hajakosea chochote. Hajawahi kuona fora, atalijua vipi? Neno la Kiingereza halihitaji mnyama, linaishi kwenye karatasi, unaweza kulijua ukiwa London au Nairobi bila kumwona twiga hata mmoja. Neno fora linahitaji ng'ombe, njaa, na kijana wa miaka kumi na sita analala porini. Ukame ulipochukua ng'ombe ulichukua na hiyo nafasi ya neno kukaa.

Wiki tatu zilizopita binamu alipata kibarua cha siku mbili na dereva mmoja wa vani, kumsaidia kutafuta wanyama Buffalo Springs. Walikuwa na mama mmoja wa Uingereza na mumewe. Wakakuta twiga, na kijana wetu, aliyengojea siku hii, akasema kwa sauti: "Madam, a tower of giraffes." Yule mama akasema, oh, kweli? Hajawahi kulisikia hilo maisha yake yote. Akaliandika.

Halafu akamuuliza, na nyinyi mnasemaje? Binamu akamwambia wao hawakuwa na haja ya kuwaita kitu. Wao walikuwa wanaangalia vichwa. Twiga wakitazama pande tofauti, chunga kwa amani. Wakitazama wote upande mmoja, na hawatafuni, kusanya mifugo, huko kuna simba. Yule mama akageuka kuangalia vichwa vya twiga. Vyote vilikuwa vinatazama kichaka kimoja. Wakangoja kama dakika ishirini, na jike akatoka na watoto wawili.

Dereva amemwambia atamwita tena msimu ukianza. Si kazi ya kudumu, mshahara hakuna, lakini namba yake imehifadhiwa.

Siku hizi orodha kwenye simu yake ina safu tatu badala ya mbili: mnyama, Kiingereza, na kile Akko anachosema. Ng'ombe wamechukua kurasa mbili, maana Akko akianza rangi hamalizi, gurracha, diima, daalacha, buree, na kila moja inamkumbusha ng'ombe fulani wa mwaka fulani na nani alimuiba. Mbuni mstari mmoja. Twiga tumeandika mambo ya vichwa. Kwa fisi tumejaza "clan", na safu ya tatu iko wazi bado. Tulimuuliza usiku, na Akko akasema yeye hawataji hao gizani, tumuulize kesho akishakunywa chai.